Kumkaribia pongo na tandala kwa miguu: kupanga safari ya kamera mwanzoni mwa kiangazi, Lindi na Mtwara

Wengi wanaoingia pori la kusini kwa mara ya kwanza hukosea jambo moja: huketi kando ya maji. Wamesikia kwamba kiangazi mnyama hana pa kukwepa kisima, basi hujibanza karibu na dimbwi siku tatu na kurudi na picha za kwale. Ushauri ule ni wa Septemba na Oktoba. Mwezi wa Juni mvua imekatika juzi tu. Kila korongo lina dimbwi, majani yamelowa umande hadi saa tatu asubuhi, na pongo anaweza kupitisha siku nyingi bila kusogea kwenye maji unayoyalinda. Mwanzo wa kiangazi panga safari kwa vitu viwili, malisho mabichi na upepo. Maji yawe hesabu ya kambi yako.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kumfikia mnyama kwa miguu, kwa umbali wa mshale, yaani mita 20 hadi 40, na kumpiga picha. Mbinu ni zile zile za mwindaji wa upinde, isipokuwa upinde wenyewe ubaki nyumbani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila leseni, na kukutwa na silaha ndani ya pori la akiba bila kibali ni kesi tosha hata kama hujagusa mnyama.

Lini

Mvua za kusini ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na hukatika mwishoni mwa Aprili au Mei. Kipindi kizuri ni kuanzia wiki ya pili ya Juni hadi katikati ya Julai. Kabla ya hapo udongo mweusi wa mbugani bado unanata, na pikipiki iliyozama kwenye tope hilo haitolewi na watu wawili. Kuanzia Agosti moto unakuwa umefungua sehemu kubwa ya pori: utaona mbali, lakini na wewe utaonekana mbali.

Gharama ya kwenda mapema ni nyasi. Mahali pengi bado zimesimama kupita kichwa cha mtu, hazijalala wala kuungua. Hapo humwoni mnyama mpaka awe karibu sana, jambo ambalo kwa mwenye kutafuta mita 30 si hasara, ila kwa usalama ni hasara kubwa. Tutalirudia.

Jua la Juni katika ukanda huu huchomoza kati ya saa 12:35 na 12:45 asubuhi, Lindi mjini likitangulia Liwale kwa dakika kadhaa, na huzama kati ya saa 12:05 na 12:15 jioni. Mwanga wa kuona nyayo huanza kama dakika 20 kabla ya jua. Panga muda wa kutoka kambini kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka hapo: ukihitaji saa moja kufika pa kuketi, ondoka saa 11:15 alfajiri.

Pori la nani?

Usiseme "pori la Liwale" kana kwamba ni kitu kimoja. Mstari usiouona chini ya miti unabadilisha mwenye mamlaka, na pamoja naye ada na masharti. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyo chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Huko kutembea kwa miguu ni pamoja na askari mwenye silaha. Sehemu ya Selous iliyobaki, pamoja na Lukwika-Lumesule kule Nanyumbu na Msanjesi kule Masasi, ni mapori ya akiba chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Msitu wa Rondo uko mikononi mwa TFS, wakala wa misitu. Jumuiya ya Magingo, Liwale, ni hifadhi ya jamii. Halafu kuna misitu ya vijiji, mingi tu Kilwa na Liwale, ambayo mwenye kauli ni serikali ya kijiji.

Kwa safari ya kwanza chagua msitu wa kijiji au hifadhi ya jamii. Utatembea na mwenyeji, utakaa siku unazotaka, na pesa utakayolipa itabaki pale pale. Wanyama ni wachache kuliko ndani ya hifadhi na wana woga zaidi, lakini pongo, nsya, funo na nguruwe pori wapo, na tandala hupita.

Wiki nne kabla, peleka barua kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya: majina, namba za vitambulisho, tarehe, eneo, na kazi yenyewe, upigaji picha kwa miguu. Ukipata jibu, chapisha nakala tatu. Kijijini anza kwa mtendaji, saini kitabu cha wageni, kisha ufike kwa mwenyekiti. Usipitilize porini kwa hoja kwamba una barua ya wilaya. Mgeni aliyeonekana porini kabla ya kuonekana ofisini hutiliwa shaka, na shaka hiyo ina sababu zake. Ukielekea kingo za Ruvuma ongeza kituo cha polisi kwenye orodha, na usivuke mto hata ukiwa wa magotini. Upande wa pili ni Msumbiji, na pa kuvukia ni Daraja la Umoja, Mtambaswala, ukiwa na hati zako.

Mwongoza njia mzuri kuliko wote ni mrina asali. Mkata mbao anajua barabara na mchoma mkaa anajua kipande chake, lakini mrina asali anajua kila korongo kwa sababu mizinga yake imetawanyika. Mkikaa kuzungumza, usimuulize kama wanyama wapo. Atakujibu wapo, kwa adabu. Muulize hivi: moto wa mwaka huu umeanzia wapi? Shamba gani la mbaazi linaliwa usiku? Tembo mara ya mwisho walipita lini, wakielekea wapi? Maji ya kunywa mwezi huu yako korongo gani? Beba na picha za wanyama kwenye simu, maana jina la mnyama mmoja hubadilika ukitoka kwa Wamwera kwenda kwa Wangindo, Wayao au Wamakua, na mtu anaweza kukuahidi tandala huku akimaanisha pongo. Malipo ya siku yaandikwe kabla ya kuondoka, na mtendaji ayashuhudie.

Kusoma pori ukiwa bado nyumbani

Jichagulie eneo dogo, kilomita 5 kwa 5. Hata hilo hutalimaliza kwa siku tano. Kwenye njia ya tembo utaenda kilomita 2 kwa saa. Ndani ya nyasi zilizosimama hutafikisha hata moja.

Satelaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha ya kila mahali karibu kila siku 5, kwa ubora wa mita 10 kwa nukta, na picha zake hutolewa bure kwenye tovuti ya Copernicus. Chukua picha mbili za eneo lako. Ya kwanza iwe ya Oktoba mwaka jana: kilichobaki kijani mwezi huo, wakati kila kitu kimekauka, ni kingo za maji ya kudumu na vichaka visivyopukutisha majani. Hapo ndipo pongo hulala mchana, mwaka mzima. Ya pili iwe ya wiki hii: tafuta mabaka meusi ya moto wa mapema. Kisha fungua FIRMS, tovuti ya NASA inayoonyesha moto ulioonwa na satelaiti, uone baka lile liliungua tarehe ngapi.

Tarehe ndiyo yenye thamani. Baka la jana ni majivu matupu. La siku 10 hadi 20 limeanza kuchipua, kwa sababu ardhi ya Juni bado ina unyevu chini, na machipukizi hayo ndiyo majani mabichi laini kuliko yote kwenye pori ambalo nyasi zake zimekomaa na kuwa kama mabua. Palahala, kongoni na ngiri hulifuata baka kama hilo kutoka mbali. Pongo na tandala si walaji wa nyasi hasa. Wao hula majani ya vichaka na kunde za mwituni, kwa hiyo watafute pale baka lilipokutana na kichaka kilichonusurika, kwenye ukingo na si katikati.

Weka alama kwenye makutano ya vitu vitatu: kichaka cha kudumu, ukingo wa baka linalochipua au shamba la mbaazi au kunde, na korongo linalounganisha hivyo viwili. Ukipata makutano matatu ya namna hiyo ndani ya eneo lako, una safari. Usipopata hata moja, badilisha eneo ukiwa bado mezani. Ongeza alama za vichuguu vikubwa. Vichuguu vya miombo huota vichaka vyake vyenyewe, wanyama hulamba udongo wake wenye chumvi, na wewe ukipanda juu unaona juu ya nyasi.

Pakua ramani kwenye programu inayofanya kazi bila mtandao, kama OsmAnd au Organic Maps, na uwe na karatasi pia; ramani za serikali za 1:50,000 zinatosha. Mwisho chora mstari wa dharura: barabara au mto mmoja ambao ukielekea upande fulani huwezi kuukosa. Andika mwelekeo wake nyuma ya karatasi kwa maandishi makubwa. Atakayepotea atausoma akiwa na hofu.

Kusi na jua

Juni ni mwezi wa kusi. Pwani unavuma kwa nguvu kutoka kusini na kusini-mashariki; bara ya Nachingwea na Liwale unafika umechoka, lakini mwelekeo ni ule ule. Maana yake, sehemu zako za kuketi ziwe kaskazini au kaskazini-magharibi mwa pale unapomtarajia mnyama, na kambi iwe kaskazini zaidi ya zote, angalau kilomita moja. Kambi ikiwa kusini, moshi, sabuni na dagaa wa kukaanga vitatangulia kuwapa wanyama taarifa kabla hujaamka.

Kuna bahati moja ya msimu huu ambayo wapiga picha wengi hawaitumii. Mwezi Juni jua letu liko upande wa kaskazini: huchomoza mashariki-kaskazini na kuzama magharibi-kaskazini. Ukitazama kusini, upepo unakupiga usoni na jua liko nyuma ya bega, la kushoto asubuhi na la kulia jioni. Upepo na mwanga vinakubaliana siku nzima. (Kaskazi ikianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, jua nalo linakuwa limehamia kusini, kwa hiyo geuza kila kitu, hesabu inabaki ile ile.)

Tatizo ni alfajiri, kusi inapolala. Usiku wa kipupwe hewa baridi huteremka bondeni polepole kama maji, na huendelea hivyo mpaka jua lipashe miteremko. Saa hizo mwelekeo wa kusi hauna maana. Keti chini zaidi ya mnyama kwenye bonde hilo hilo, ili hewa itoke kwake ije kwako. Kisha kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi kuna kipindi cha vurugu, hewa ya bondeni imeacha kushuka na kusi haijaamka vizuri, upepo unazunguka pande zote. Hicho ndicho kinachoharibu asubuhi nyingi zilizoanza vizuri. Ukiwa umeketi, usitembee. Ukiwa bado hujamwona mnyama, ondoka kabisa, rudi saa nne kusi ikishakaa sawa.

Kipimo cha upepo ni soksi kuukuu iliyojazwa majivu yaliyochekechwa na kufungwa mdomo. Igonge kwa kidole kila hatua 50 na uangalie vumbi linakokwenda mpaka lipotee, kwa sababu mara nyingi huanza upande mmoja na kugeuka mita tano mbele. Kulowesha kidole kwa mate kunakueleza upepo ulipo kidole chako tu.

Vya kubeba

Lenzi kwanza. Kwenye kamera yenye kihisi cha upana wa mm 36, lenzi ya mm 400 huona upana wa mita 2.7 kwa umbali wa mita 30. Pongo dume, mwili wake kama mita 1.3, anajaza nusu ya picha. Kwa lenzi ya mm 200 anajaza robo tu, na kosa litakalofuata ni kusogea mita 10 zaidi kwa tamaa na kumkimbiza. Simu iachie kazi ya ramani. Kwa mwanga wa saa 12:45 asubuhi ndani ya kichaka anza na tundu la lenzi f/5.6, wepesi wa kihisi ISO 3200 na shata ya sekunde 1/250, na subiri mnyama asimame. Anayetembea anahitaji 1/500 au zaidi. Zima kila mlio wa kamera, zima taa ndogo ya kusaidia fokasi. Darubini ya 8x42 ibebwe shingoni, si ndani ya begi. Betri za akiba zilale ndani ya blanketi nawe. Pawabenki ya mAh 20,000 inamtosha mtu mmoja siku tano akiweka simu katika hali ya ndege.

Nguo: kaki au kahawia ya nyasi kavu, mikono mirefu. Nguo za madoadoa ya kijeshi usivae kabisa. Kwa raia ni kosa, na hakuna maelezo yatakayokusaidia mbele ya askari. Jinzi ya bluu na fulana nyeusi pia ziache, maana rangi hizo humvuta mbung'o, na wanyama wenye kwato huiona bluu vizuri kuliko nyekundu. Suruali iingizwe ndani ya soksi ndefu kwa ajili ya kupe.

Na upupu. Huu ndio wakati wake. Maganda yamekauka, yananing'inia usawa wa uso kando ya makorongo, na ukiyagusa au upepo ukiyatikisa malaika yake hupeperuka. Mfahamu kwa maganda ya kahawia yaliyopinda kama herufi S, yenye manyoya kama mahameli. Ukipatwa usisugue wala usijikune. Kusugua huyazamisha zaidi. Bandika selotepu au plasta juu ya ngozi, ibandue, rudia kwa kipande kipya, ndipo uoge. Weka roli moja ya selotepu pana mfuko wa nje wa begi. Mwaka wa mvua nyingi ndicho kifaa kitakachotumika kuliko kamera.

Kwa watu watatu siku tano: unga wa sembe kilo 6, dagaa wakavu kilo 1.5, korosho au karanga kilo 2, sukari kilo 1.5, chumvi, mafuta lita 1. Maharage yaache, yanakula kuni na saa nzima ya moshi. Cha asubuhi kiwe kisichopikwa: korosho, mihogo iliyochemshwa jana usiku. Maji ya kunywa na kupikia hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, na kila anayetoka kambini abebe lita 3. Ya korongoni chemsha mpaka yatokote vizuri, au tumia vidonge na usubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Kisanduku cha dawa: bandeji za elastiki za sentimita 10, nne, shashi, paketi 6 za ORS, vipimo vya haraka vya malaria na dawa ya mseto, glavu. Kila mtu na chandarua chake. Kabla ya kuondoka piga simu hospitali zilizo njiani kwako (Ndanda, Nyangao, Ligula, Sokoine ya Lindi, au ya wilaya) uulize ni ipi ina dawa ya sumu ya nyoka leo hii, maana jibu la mwaka jana halina kazi.

Siku ya kwanza kamera ikae begini

Fika mchana, jenga kambi, kisha kati ya saa sita na saa tisa, wanyama wakiwa wamelala, zungukia makutano uliyoyawekea alama. Unakagua mambo mawili tu: kama mnyama anapatumia, na kama una pa kuketi. Pa kuketi ni penye kitu kipana nyuma yako, shina la mninga au ubavu wa kichuguu, ili umbo lako lisichongoke dhidi ya anga. Mbele tosha matawi mawili matatu. Safisha chini kwa mikono eneo la mita moja, majani makavu ya myombo hupiga kelele kama karatasi. Umbali kutoka hapo hadi njia ya mnyama uwe mita 25 hadi 35. Pima kwa hatua na ukumbuke mti gani uko mita ngapi.

Nyayo za pongo zina urefu wa sentimita 4 hadi 5, nyembamba, zimechongoka mbele. Za tandala mkubwa ni kama sentimita 7 au 8. Pofu ana nyayo za mviringo za sentimita 10 na zaidi, na nyati vile vile mviringo, ila kubwa zaidi, 12 kwenda juu. Ukichanganya pofu na nyati penye nyasi ndefu, umejitafutia makubwa, kwa hiyo ukiwa na shaka tafuta kinyesi: cha pofu ni punje, cha nyati ni kama cha ng'ombe. Ukipata cha nyati kilichobichi, rudi ulikotoka.

Kujua nyayo ni za lini, Juni inakusaidia kuliko mwezi wowote, kwa sababu ya umande. Asubuhi tazama nyasi dhidi ya mwanga: zote zinang'aa fedha isipokuwa mstari mmoja mweusi uliokatisha. Aliyepita hapo amepita baada ya umande kushuka, yaani usiku wa manane au alfajiri hii. Unyayo wenye vitone vidogo ndani, matone yaliyodondoka kutoka majanini, ni wa jana jioni. Wenye njia nyembamba za wadudu juu yake umelala usiku mzima.

Kumkaribia

Kuketi kunashinda kutembea, hasa kwa pongo. Keti mwanga unapoanza, kaa saa mbili na nusu, usiondoke kwa sababu hakuna kilichotokea. Jioni ingia saa tisa na nusu, toka jua likizama. Kutembea porini giza la jioni likishaingia mwezi huu ni kujitakia mabaya.

Ikibidi umfuate, hatua tatu hadi tano, kisha simama muda mrefu kuliko ulivyotembea. Tafuta vipande vyake, usingoje mnyama mzima: mstari wa mlalo kati ya miti ya wima, sikio linalocheza, weupe wa chini ya mkia. Usitazame kichaka, tazama ndani yake kwa darubini, fokasi ukiipeleka mbele kidogo kidogo. Mwendo wa mita 200 kwa saa ni wa haraka. Songa anapoinamisha kichwa kula. Akikiinua, ganda ulivyo, hata kama mguu uko hewani. Pongo akibweka kama mbwa, au tandala akitoa ule mlio wake mzito, amekujua na amewaambia wote. Usimfuate. Keti saa moja pale pale au hamia makutano ya pili. Kwale wakiruka kwa kishindo mbele yako, au tumbili wakianza kupiga kelele juu, simama ujue ni wewe waliyekuona au kuna mwingine.

Kosa la wengi ni la mwisho: mnyama ameingia mita 30, mtu anainua kamera ghafla. Kamera iwe imeshainuliwa juu ya kigingi chake cha mguu mmoja (monopodi) tangu ulipoketi, lenzi inatazama njia, ili kinachosogea kiwe jicho na kidole.

Kambi na yanayoua

Hema lisiwe kwenye njia ya tembo, chini ya mti wenye matunda, wala ndani ya korongo kavu. Fyeka na uondoe majani mita 3 kuzunguka moto, na uzime kwa maji na udongo mpaka mkono uguse jivu bila kuungua. Chakula kisilale hemani.

Simba wa kusini si hadithi ya wazee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, wengi wao katika wilaya za kusini, hasa majira ya mavuno, na ukahusisha mashambulizi hayo na nguruwe pori wanaoingia mashambani, simba wakiwa nyuma yao. Kwa hiyo ukingo wa shamba la mbaazi, pazuri hivyo kwa picha za asubuhi, si mahali pa kulala wala pa kufika peke yako gizani. Mwongoza njia atangulie, watu wawili kila kituo, tochi kali. Ukikutana na simba usikimbie. Mtazame, simama wima, rudi nyuma taratibu. Kwa tembo, ondoka mapema kuelekea unakopeleka upepo, kabla hajakunusa. Kwa nyati aliyeanza kukujia, mti.

Kifutu hulala njiani na hakimbii, ndiyo maana hukanyagwa. Aliyeumwa alazwe, kiungo kifungwe na kijiti kisichezecheze, pete na viatu vivuliwe, kisha hospitali. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza.

Moto wa nyasi ukija na kusi, usishindane nao mbio. Ingia kwenye baka lililokwisha kuungua. Ulilichora kwenye ramani kwa ajili ya swala, sasa ni lako.

Saa tisa alasiri, kama hujui ulipo, acha kutafuta kambi. Fuata mwelekeo wa mstari wa dharura ulioandikwa nyuma ya ramani. SMS hupenya pale simu ya sauti inapogoma. Panda kichuguu au kilima, tuma, subiri dakika kumi.

Kabla ya kuingia porini mwachie mtendaji karatasi yenye majina, mchoro wa eneo, siku ya kutoka, na saa ya kuanza kuwatafuta, tuseme saa mbili usiku wa siku ya tano. Pembe, ngozi au jino utakalookota liache lilipo, maana kukutwa na nyara hakuulizi uliokota au uliua. Ukikuta mtego wa waya, piga picha, hifadhi nukta ya GPS na uondoke hapo. Aliyeutega huenda yuko karibu na ana silaha. Taarifa hiyo ifike kwa mtendaji siku ile ile mnayotoka, na hapo hapo saini tena kitabu cha wageni, ili vijana waliowekwa tayari kuwatafuta saa mbili usiku wakalale.